Mwandishi wa Mabango ya Pande Mbili

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi niliandika mabango ya wanaotaka kuigeuza nchi juu chini na ya wanaotaka ibaki vile ilivyoumbwa, na yote niliyaandikia kwenye meza yetu ya chakula. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nina mwandiko mzuri, na nalisema hilo bila haya kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo hakuna mtu wa hapa kwetu Kanyakine aliyewahi kubishana nami juu yake.

Upande wa kwanza ulikuwa wa mke wangu. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, wale wa vitenge vya kijani, ambao waliamua kwamba familia imeshambuliwa na lazima mtu asimame. Walisimama dhidi ya mtaala mpya, dhidi ya suruali za kubana, dhidi ya vijana wanaotukana wakubwa kwenye simu, na zaidi ya yote dhidi ya miraa, ile mirungi ya kutafunwa. Mke wangu ni wa Embu, ambako watu hutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, na mimi ni mzaliwa wa Kangeta huko Meru, ambako miraa ndiyo iliyonisomesha. Alipoanza kuhubiri kwamba majani hayo yanamaliza kizazi, nilimwuliza kama muguka wa kwao nao umo. Akasema dhambi ni dhambi, ila ya Meru ina kelele zaidi.

Upande wa pili ulikuwa wa binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, amepanga chumba huko Nchiru karibu na chuo, na vijana walipoanza kujaa barabarani kwa maandamano miaka hii, yeye ndiye aliyepewa kipaza sauti. Alitaka kodi zishuke, wezi wa mali ya umma washtakiwe, waliotekwa warudishwe makwao, na wazee kwa jumla wanyamaze. Nilimkumbusha kwamba mimi pia ni mzee. Aliniambia kesi yangu bado inachunguzwa.

Kila Jumatano mke wangu alileta katoni za mafuta ya kupikia kutoka dukani, akazikata kwa kisu cha mkate na kunisomea maneno. Kila Jumamosi binti yangu alikuja nyumbani na katoni zake, akazikata kwa kisu kilekile na kunisomea yake. Kalamu zilikuwa zilezile, nyeusi ya maneno na nyekundu ya kupigia mstari.

"Mwalimu, hii andika na hasira kidogo," mke wangu angeniambia. "Hii yako inakaa ya kukaribisha wageni."

"Baba, hiyo ni kadi ya harusi," binti yangu angeniambia siku tatu baadaye. "Weka hasira, bana."

Niliwasindikiza wote, maana mwandishi hupenda kuona kazi yake ikipita barabarani, na kadiri nilivyowatazama ndivyo nilivyoshindwa kuwatofautisha. Kila kundi lilikuwa na mtu mmoja wa kusema, watatu wa kufanya kazi, na wengine wengi waliokuja kuona ni nani amekuja. Makundi yote mawili yalikosana kuhusu rangi ya nguo kabla hayajakubaliana yanataka nini. Yote yaliimba pambio moja la kanisa. Vijana walimtoa Shetani kwenye ubeti wa pili wakamweka mheshimiwa, na akina mama walimwacha Shetani mahali pake lakini ukiwaangalia macho ungejua wanamfikiria nani Nchiru. Na kila upande ulikuwa na hakika kwamba ule mwingine umetumwa. Niliwauliza wote umetumwa na nani. Wote walinijibu, "Si unajua tu."

Watu waliponiuliza mimi niko upande gani, nilisema mimi ni kalamu tu. Nililipenda sana jibu hilo. Nililitumia mpaka kwenye mazishi.

Halafu ikaja Jumapili moja. Kanisani kulikuwa na mgeni kutoka ofisi ya serikali, mtu aliyehamishiwa kwetu majuzi, asiyejua hata njia ya sokoni. Aliketi kiti cha mbele kabisa. Mke wangu aliitwa azungumze kuhusu amani, akashika maiki, akasema yale ya siku zote kuhusu malezi. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Watu wananiambia ati yule msichana wa kipaza sauti ni wangu. Mimi sina mtoto. Yule si wangu."

Kanisa zima lilinyamaza. Ni watu waliombatiza yule msichana, wengine walimbeba mgongoni, lakini hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nilidhani wameona aibu kwa niaba yetu. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka wimbo wa mwisho, kisha nikatembea hadi nyumbani hatua kumi mbele ya mke wangu, kwa sababu nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Ibada yetu hurekodiwa kwa simu, na kufika saa nane video ya maneno yale ilikuwa imefika Nchiru. Binti yangu alinipigia simu. Hakulia, na afadhali angelia. Alisema, "Baba, mimi huko sirudi. Alisema na maiki, afute na maiki. Hapo hapo kanisani." Nilimwambia mke wangu hilo sharti. Alikuwa anasonga ugali, na hakugeuka. Alisema, "Sifuti."

"Kwa nini?"

"Nimesema sifuti, Mwalimu."

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi zilikuja bila katoni. Mke wangu aliendelea kupika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, wa watu watatu, na mimi nikala wa watu wawili ili asilazimike kuutazama ukibaki. Nilipeleka maneno huku na huku. Kule Nchiru niliambiwa msimamo haujabadilika, na nyumbani niliambiwa msimamo haujabadilika, na wote walitumia neno hilo hilo, msimamo, utadhani wanaongea na waandishi wa habari. Niliumia. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, na alikuwa anaishi mwendo wa chini ya saa mbili kutoka kwangu, na sikuweza kumleta mezani.

Ndipo nikakumbuka mambo ya kwetu Igembe. Kule Kangeta kuna bunda la miraa ambalo haliuzwi kwa ajili ya kutafunwa. Huchaguliwa vijiti virefu vizuri, hufungwa kwa jani la mgomba kwa namna yake, na huitwa ncoolo. Ukienda kuomba mke, huwezi kufungua mdomo kabla halijapokewa. Kwetu hata mwenye kuomba msamaha huweza kulituma. Anayelipokea amekubali kusikiliza. Anayelikataa amemkataa mwenye kulituma. Hakuna kusema atafikiria.

Nilikwenda Kangeta siku ya Jumatatu. Binamu yangu amefunga mabunda sokoni pale tangu tukiwa na meno yote. Aliponisikia nataka mawili, alicheka.

"Mawili? Unaoa wapi na huo mgongo?"

"Sioi. Kuna watu wawili wamekataa kusikizana."

"Na wamekutuma?"

"Watakuwa wamenituma," nikasema.

Alinitazama kidogo, akafunga. Mimi nikakata vipande viwili vya katoni, nikaandika kwenye kila kimoja, kwa unadhifu wangu wote, "Tafadhali nisikilize." Sikuandika jina, nikijiona mwerevu. Nilivifunga kwenye mabunda kwa uzi.

Nchiru iko njiani, kwa hiyo nilianza na binti. Nilimkuta kwenye kibanda kando ya hosteli yao, anakula chapati na maharagwe. Niliweka bunda mbele yake, nikamwambia limetoka kwa mama yake.

"Mathe?" akasema. "Mathe wangu? Ametuma miraa?"

"Ndiyo."

"Mathe ametuma *miraa*?"

Nilisema ndiyo mara ya pili, na uongo ulikuwa umeanza kunizoea. Akanawa mikono, akalipokea kwa mikono miwili. Nilitoka pale nikiwa karibu kuruka. Nyumbani nilimpa mke wangu la pili, nikamwambia limetoka kwa binti yake. Alikaa chini. Alijua maana yake vizuri, kwa sababu kwao nilikwenda na bunda kama hilo, na baba yake, ambaye alikuwa mtu wa muguka, alilipokea kwa uso wa mtu aliyeletewa majani ya mbuzi.

"Huyu mtoto ananitesa," mke wangu akasema. Lakini alilichukua, akaliweka kwenye rafu karibu na chupa ya chai, akalifunika kwa kitambaa. Nilijiona nimeiweza kazi ambayo maaskofu na wabunge wameshindwa nayo.

Kosa langu ni kusahau kwamba niliowapelekea walikuwa wanaharakati. Mtu wa kawaida ukimpa kitu hujiuliza kina maana gani kwake. Mwanaharakati hujiuliza kinaweza kutumiwa vipi. Kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili, binti yangu alikuwa ameshapiga picha bunda lake na kuirusha mtandaoni, na maneno chini yake, "Mwenyekiti wa wapinga miraa anatuma miraa. Unafiki ni kipaji." Na alasiri hiyo hiyo akina mama wa kijani walikuja kwetu kwa mkutano, mweka hazina akaenda kujimiminia chai, akainua kitambaa. Alipiga kelele iliyosikika mpaka kwa jirani. Mke wangu, akiwa na wanawake kumi na wawili wanaomtazama, alisema kuna kijana wa barabarani amethubutu kumletea miraa nyumbani kwake. Mmoja wao akapiga picha ya ushahidi.

Kila kundi lina mtu aliye katika makundi yote, na kwetu ni mama mwenye duka, yule wa kutoa katoni. Yeye ndiye aliyeziweka zile picha mbili pamoja. Bunda na bunda, jani na jani, na kile kikaratasi cha katoni juu ya kila moja. Nusu ya watu wa Kanyakine nimewafundisha mimi kuandika. Ile "k" yangu yenye mkia wa kurudi nyuma wanaijua kuliko sura za mashemeji wao. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Walichoandika chini ya picha kilikuwa, "Mwalimu, pole."

Jumamosi mlango ulifunguliwa bila kubishwa, akaingia binti yangu. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia. Alimtazama mama yake, mama yake akamtazama, kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

"Baba, kaa."

Nilikaa. Wao walikaa upande mmoja wa meza, mimi wa pili peke yangu. Nimehudhuria mikutano mingi ya pande zote mbili lakini sijawahi kuona ushirikiano wa aina ile. Mmoja aliuliza, mwingine akakumbusha nilichosema mwanzo. Mmoja alianza sentensi, mwingine akaimaliza.

"Ulimwambia nimetuma?"

"Ulisema ndiyo mara mbili. Nilikuuliza mara mbili."

"Na mimi akanitazama hivi hivi usoni..."

"...na ile sura yake ya kanisa. Naijua."

"Nani alikupa ruhusa ya kuongea na mdomo yangu?" mke wangu akauliza, na binti yangu akapiga meza kuunga mkono. Waliamua niandike barua ya kukiri. Waliniambia maneno, wakabishana kuhusu mpangilio, wakakubaliana kwamba kosa la kwanza liwe uongo na la pili liwe kiburi. Niliandika kwamba mimi, baba wa nyumba hii, sitasema tena kwa niaba ya mtu ambaye hajanituma. Niliweka sahihi. Nilikuwa nimehukumiwa, na nilikuwa na furaha mpaka kalamu ikateleza, kwa sababu walikuwa wameketi bega kwa bega.

Mke wangu akainuka kuleta chakula. Hapo binti yangu akakumbuka alikuwa na kesi nyingine.

"Na ile ya kanisani, mami?"

Mke wangu akarudi kukaa. Alikuwa na mwiko mkononi, akaushika kwa mikono miwili.

"Huyo mgeni wa ofisi," akasema. "Asubuhi hiyo kabla ya ibada alinisalimia hapo nje. Vizuri tu, na heshima. Akaniambia, mama, nasikia uko na msichana Nchiru. Si ni huyu wa kipaza sauti? Nikajifanya natafuta Biblia kwenye mkoba. Akaniuliza, amepanga hosteli gani?"

Binti yangu akasogeza kiti chake karibu naye.

"Wiki hiyo kulikuwa na wawili wa chuo chenu hawajulikani wako wapi. Wewe mwenyewe ulikuwa unawaimba. Ningemwambia nini? Nikamwambia sina mtoto. Akacheka, akaenda akakaa mbele, akaniangalia tu. Nikaona nikisema na maiki, na watu wote wanyamaze, ataamini ni kweli."

"Na walinyamaza," nikasema.

"Walinyamaza. Wote walielewa." Akanitazama kwa huruma fulani. "Isipokuwa wewe, Mwalimu."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Miezi mitatu nilikuwa nimelala kando ya mwanamke huyu nikimhukumu moyoni, mimi niliyejisifu sina upande.

"Si ungeniambia?" binti yangu akauliza, na sauti yake ikawa ya miaka mingi nyuma.

"Nikuambie kwa simu? Au nimtume baba yako, anayeongea mpaka mazishini? Na ukijua, ungekuja mbio hapa kuniambia hauogopi. Halafu nawe unatuma picha ya miraa ukisema mwenyekiti ndiye ametuma! Unataka watuunganishe?"

"Nitaifuta leo."

"Futa."

"Na wewe," binti yangu akasema, akaweka mkono juu ya ule mwiko, "usifute. Ile ya kanisani. Usifute, mami. Endelea kusema."

"Nitasema," mke wangu akajibu. Kisha akalia, na binti yangu akalia, na mimi nikaenda kupakua chakula kwa sababu mtu lazima afanye kazi katika kila kundi. Tulipokula walianza kubishana kuhusu mtaala wakabishana mpaka chai. Hakuna aliyebadilisha msimamo hata kwa kidole kimoja. Kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba ametumwa.

Tangu hapo mambo yetu yana utaratibu. Binti yangu haji tena Jumamosi, huja siku yoyote ya katikati ya wiki, kwa njia ya chini inayopita kwenye mashamba ya majani chai. Huvaa kitenge cha kijani cha mama yake na kitambaa kichwani, na ukimwona kwa mbali utasema ni mama wa kanisa anatoka kwenye maombi. Akifika, huvua na kunipa maneno ya mabango. Mke wangu humkosoa, husema kodi si ya kuandikiwa shairi. Akina mama wenzake wanaokutana naye njiani humwamkia kama mwanachama, na mweka hazina amewahi kumwuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu, mbona hakuja kwenye mkutano.

Mimi nilifikiri sehemu yangu imekwisha na ile barua ya kukiri. Hata nilianza kuisimulia kwa mzaha. Halafu Jumapili iliyopita yule mgeni wa ofisi alikuja tena kanisani. Baada ya ibada alinifuata mlangoni, akanishika mkono, asiuachie.

"Mwalimu," akasema, "huo mwandiko wako naona kila mahali. Hongera. Kwa mama na kwa vijana."

"Mimi ni kalamu tu," nikasema.

"Sawa kabisa. Na msichana wako hajambo? Siku hizi yuko wapi?"

Hakuna mtu aliyenituma niseme chochote. Hakukuwa na bunda, wala karatasi, wala wa kusingizia. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu na hakunisaidia hata kwa jicho, na nadhani alifanya vizuri.

"Sina msichana," nikasema.

"Nilidhani mnaye mmoja."

"Hapana," nikasema. "Mungu hakutujalia."

Nyuma yangu mweka hazina, ambaye ndiye aliyemkata binti yangu kitovu kwa sababu mvua ilikuwa imefunga barabara ya hospitali, alivuta pumzi na kusema, "Ndiyo maisha, Mwalimu. Shukuru uko na afya." Na wengine wa kijani wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakanipa pole mmoja mmoja, mpaka yule mgeni akauachilia mkono wangu na kunipa pole yeye pia.

Tulitembea hadi nyumbani. Binti yangu alikuwa jikoni, amekuja tangu jana yake, wikendi ya kwanza tangu tuanze utaratibu ule, anamenya ndizi za mchana. Aliniuliza ibada ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa nzuri, nikachukua kisu kingine, nikakaa kumenya naye, lakini sikuweza kumwangalia usoni.